Daktari, siri ya mgonjwa na dereva asiyefaa kuendesha

Wengi hapa Dar es Salaam wanaamini kwamba daktari akiripoti ugonjwa wa dereva, lazima atashtakiwa kwa kuvunja siri. Imani hiyo ina chanzo: bila siri wagonjwa wangeficha maradhi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Ila siri hiyo ina mipaka. Maadili ya udaktari katika nchi nyingi huruhusu kuitoa mgonjwa akiridhia, mahakama ikiamuru, au maisha ya wengine yakiwa hatarini kweli. Mfikirie dereva wa daladala ya Mbagala mwenye kifafa kisichodhibitiwa, abiria wamesimama hadi mlangoni. Kwanza daktari humweleza yeye mwenyewe, humsihi aache usukani, na kuyaandika hayo kwenye faili. Akikaidi, ndipo taarifa inayohitajika tu hupelekwa kwa mamlaka husika. Si kwa tajiri wake, wala kwa majirani. Huko Ontario, Kanada, sheria inawataka madaktari waripoti hali fulani, na inawakinga wasishtakiwe wakiripoti kwa nia njema. Anayelipiza kisasi hana kinga hiyo, na ndivyo inavyopasa.

Ukiambiwa "sheria inakataza", uliza ni sheria ipi na kifungu kipi, kisha kisome mwenyewe. Angalia kama kinamlazimisha daktari au kinamruhusu tu, na taarifa inaenda kwa nani. Kikikutatiza, muulize wakili.