Leseni ya ualimu kwa njia mbadala: maana yake na maswali ya kujiuliza kabla ya kuingia

Nchini Marekani, leseni ya kufundisha shule za umma haitolewi na serikali kuu. Kila jimbo lina kanuni zake, mitihani yake na majina yake ya vyeti. Njia iliyozoeleka ni kusomea ualimu chuo kikuu, kufanya mazoezi ya kufundisha (mara nyingi bila malipo), kufaulu mitihani, kisha kutafuta kazi. Njia mbadala inapindua mpangilio huo. Mtu mwenye shahada ya fani nyingine, tuseme kemia au uhasibu, anaajiriwa kwanza na kukabidhiwa darasa na mshahara wa mwalimu. Masomo ya ualimu anayasoma jioni, wikendi na wakati wa likizo, akiwa tayari kazini.

New Jersey ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kufungua mlango huu, katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1990 shirika la Teach For America lilipeleka kundi lake la kwanza la wahitimu kufundisha kwa miaka miwili katika shule za maeneo yenye kipato cha chini. Leo hii programu hizi huendeshwa na vyuo vikuu, na wilaya za shule zenyewe (yaani mamlaka za eneo zinazoendesha shule za umma), na kwa Texas hata na kampuni za kibiashara.

Wengi huiita njia ya mkato. Mimi naona jina hilo linapotosha. Kinachofupishwa ni muda wa kukaa bila mshahara. Mzigo wa kujifunza uko palepale, ila sasa unaubeba huku una wanafunzi mbele yako, madaftari ya kusahihisha na wazazi wanaotaka majibu.

Tuitazame New Jersey kwa karibu. Mwenye shahada anafaulu mtihani wa somo lake, anahudhuria mafunzo ya awali ya saa 50, kisha anapewa cheti cha ustahiki. Cheti hiki hakimfanyi mwalimu. Kinamruhusu tu kuomba kazi. Shule ikimwajiri ndipo anapata leseni ya muda, anapangiwa mwalimu mlezi, yaani mwalimu mzoefu wa kumwongoza, na kuendelea na masomo. Akikamilisha masharti yote na tathmini zake zikiwa nzuri, anapewa leseni kamili. Kuna jambo dogo ambalo huwashtua walimu wapya: mwalimu mlezi hulipwa, na ada hiyo inaweza kukatwa kwenye mshahara wa huyo huyo anayelelewa. Kanuni za jimbo zimeiweka kuwa dola 1,000 kwa aliyepitia njia mbadala, na dola 550 kwa aliyesomea ualimu. Uliza mapema kama wilaya inailipa yenyewe.

Usichanganye njia mbadala na kibali cha dharura. Kibali cha dharura hutolewa shule inapokosa mwalimu mwenye sifa, na kwa kawaida wilaya ndiyo inayokiomba. Muda wake ni mfupi, na peke yake hakikufikishi kwenye leseni kamili. Nimeona watu wakifurahia kuajiriwa "bila usumbufu wa makaratasi", kumbe mwaka ukiisha hawana chochote mkononi. Hata mpango wa serikali kuu wa kuwafutia walimu mikopo ya masomo, unaofika dola 17,500 kwa baadhi ya walimu wa hisabati, sayansi na elimu maalumu, hauhesabu miaka ya kufundisha kwa kibali cha dharura.

Sasa uamuzi wenyewe. Watu hutumia miezi wakilinganisha ada za programu, lakini shule itakayokuajiri ina uzito zaidi ya programu. Leseni yako ya muda inategemea ajira: nafasi ikifutwa katikati ya mwaka, masomo nayo hukwama. Kwa hiyo kwenye usaili usione aibu kuuliza. Mwalimu mlezi ni nani, na anafundisha somo langu? Ana kipindi cha kuja kuniona darasani, au ni jina tu kwenye fomu? Nitafundisha masomo mangapi tofauti? Walimu walioingia kwa njia hii mwaka juzi bado wapo? Mkuu wa shule akibabaika kwenye swali hilo la mwisho, hilo nalo ni jibu.

Chunga pia somo unalopewa. Elimu maalumu ina nafasi nyingi, na shule huwasukumia walimu wapya huko. Ni kazi yenye heshima, lakini ina sheria nzito: kila mwanafunzi ana mpango wake wa maandishi ambao shule inabanwa kisheria kuufuata, na mikutano na ripoti zake ni kazi juu ya kazi. Ingia kwa sababu umeitaka, si kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki.

Kuhusu fedha, mishahara hufuata jedwali la miaka ya kufundisha na kiwango cha elimu. Miaka 15 ya uhandisi inaweza isikupandishe hata ngazi moja, ingawa baadhi ya wilaya huihesabu kwa walimu wa ufundi. Halafu kuna pensheni. Katika majimbo kama California na Illinois, na wilaya nyingi za Texas, walimu hawachangii mfuko wa taifa wa Social Security. Wana mfuko wa jimbo. Zamani anayehama kutoka sekta binafsi alipunguziwa mafao yake ya Social Security kwa sababu hiyo, lakini sheria iliyotiwa saini Januari 2025 ilifuta makato hayo. Bado lazima ufundishe miaka ya kutosha, kwa mfano mitano California, ndipo upate haki ya pensheni ya jimbo.

Na kama unafikiria kuhama jimbo, maliza kwanza. Majimbo yana makubaliano ya kutambuana, lakini mara nyingi yanahusu leseni kamili. Ukihama na leseni ya muda, jimbo jipya linaweza kukuanzisha upya, mitihani ikiwemo.