Bingwa wa chesi hana kumbukumbu ya ajabu

Wengi huamini mabingwa wa chesi wamezaliwa na kumbukumbu isiyo ya kawaida. Mwaka 1973, huko Marekani, wanasaikolojia William Chase na Herbert Simon walimwonyesha bingwa ubao wenye kete kwa sekunde 5 tu, kisha akaupanga upya bila kuutazama. Kete zilipotoka kwenye mchezo halisi, alimwacha mbali anayeanza. Zilipotawanywa ovyo, wakawa karibu sawa. Bingwa huona mafungu ya kete aliyoyazoea: mfalme pembeni nyuma ya askari watatu, ngome ubavuni, kwa mfano. Mafungu hayo huingia kichwani kwa kutatua mafumbo na kuchambua michezo uliyoshindwa, polepole, kabla hujaiuliza kompyuta. Kukariri hatua 15 za ufunguzi (ndiko wengi wanakoanzia) hukuacha mikono mitupu mpinzani akibadili njia hatua ya 4.