Mwalimu wa Kongo, lugha nyingi na vita: dhana potofu na ukweli wake

Dhana iliyoenea kuliko zote hudai kwamba umoja huletwa na lugha moja, na kwamba mwalimu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye lugha zaidi ya 200, akijaribu kujenga umoja anatwanga maji kwenye kinu. Ukweli unaonekana kwa majirani: Wanyarwanda karibu wote huzungumza Kinyarwanda, lakini hilo halikuzuia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wala Kirundi hakikuiepusha Burundi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993.

Wengine husema kuwa lugha ya nyumbani ikiingia darasani, ukabila nao huingia, ilhali Katiba ya mwaka 2006, pamoja na kukifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu zitumike kufundishia. Tuchukue darasa la pili huko Kivu, mashariki mwa nchi, ambako mwalimu anaandika ubaoni tano kutoa mbili na kusema, kwa Kiswahili cha huko, "tano, tosha mbili". Mtoto wa askari aliyelelewa kwa Kilingala ananyamaza, kisha anaposikia "longola", yaani "toa" kwa Kilingala, anajibu papo hapo, na wenzake wanacheka, kwa kuwa Kilingala kimekuwa lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni na mashariki wengi hukihusisha na bunduki. Mwalimu akiwaomba wote wahesabu naye moko, mibale, misato (moja, mbili, tatu kwa Kilingala), atakuwa amefanya jambo ambalo hotuba ya bendera haiwezi kulifanya.

Dhana ya hatari zaidi ni kuupima uraia wa mtoto kwa lugha yake, hasa anayezungumza Kinyarwanda. Ibara ya 10 ya Katiba inahusisha uraia wa asili na makabila yaliyokuwa sehemu ya nchi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Lafudhi haitajwi popote. Kwa hiyo mwalimu anayenyamaza jina la "mgeni" linaporushwa darasani hawi wa kati na kati, bali amekwisha kuchagua upande.

Kuhusu madai kwamba vita visitajwe mbele ya watoto, sioni haja ya hoja ndefu: wengi wao wamewahi kuona madarasa yakigeuzwa malazi ya wakimbizi wa ndani, na baadhi yao wamelala humo.