Taa ya ukutani ya Kifini: shaba, vitundu na mkono wa Paavo Tynell

Kwenye minada ya samani za zamani huko Ulaya na Marekani kuna maelezo yanayojirudia: taa ya ukutani, ya Kifini, ya katikati ya karne, ya shaba. "Katikati ya karne" hapa maana yake ni miaka ya 1940 hadi 1960, karne ikiwa ni ya 20. Na mara nyingi jina linalofuata ni la Paavo Tynell, mbunifu wa taa wa Kifini.

Tuitazame kwanza taa yenyewe. Kitako cha duara kimefungwa ukutani kwa skrubu. Hapo unachomoza mkono mwembamba wa shaba uliopinda kidogo, na mwisho wa mkono kuna kofia ya taa, ile ambayo kamusi zetu huiita chengeu. Kofia hiyo imetobolewa vitundu vidogo vilivyopangwa kwa safu. Mchana unaona bati la manjano lenye matundu, basi. Ukiiwasha jioni, sehemu kubwa ya mwanga inamwagika chini, na mwanga mwingine unapenya kwenye vitundu na kutawanya nukta kwenye ukuta wa nyuma. Balbu yenyewe huioni. Hilo la kuificha balbu ndilo kiini cha taa hizi, na kwangu ndilo linalozifanya ziwe nzuri hata leo.

Neno shaba linahitaji maelezo kidogo, maana kwa Kiswahili linabeba metali zaidi ya moja. Kuna shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme. Inayozungumzwa hapa ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ndiyo ile ya njumu zinazong'aa kwenye milango ya Zanzibar. Rangi yake ina faida kwa taa: mwanga unaogonga ndani ya kofia ya shaba unarudi ukiwa na unjano kidogo, kama mwanga wa moto. Na kwa kuwa ni metali laini, fundi anaweza kuikunja na kuitoboa bila kuipasua.

Kwa nini mtu ajishughulishe hivyo na taa? Kwa Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwezi Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa sita, na kaskazini kabisa ya Ufini jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Watu wanaishi, wanakula na kusoma chini ya taa. Balbu tupu inayochoma macho inavumilika kwa nusu saa. Kwa msimu mzima inachosha. Kwa hiyo mbunifu wa taa katika nchi ile alikuwa anashughulikia jambo la afya ya macho na la utulivu wa nyumba, na ndiyo maana kazi hiyo ilipata watu makini kweli.

Tynell alizaliwa mwaka 1890 na akaanza maisha ya kazi kama fundi bati. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Alijua kwa vidole vyake bati linakubali nini na linakataa nini kabla hajachora taa hata moja. Mwaka 1918, mwaka mmoja tu baada ya Ufini kujitangazia uhuru, yeye na wenzake walianzisha kampuni ya kazi za metali, wakaiita Taito. Kwa Kifini neno hilo maana yake ni ustadi. Taito ilitengeneza taa za Jengo la Bunge la Helsinki, lililokamilika mwaka 1931, na Tynell alishirikiana pia na msanifu majengo Alvar Aalto.

Taa zinazotafutwa zaidi leo ni za baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Ufini ilitoka vitani ikiwa na deni la fidia kwa Umoja wa Kisovyeti la dola milioni 300, ikalimaliza mwaka 1952 kwa kupeleka meli, mashine na bidhaa nyingine. Katika miaka hiyo hiyo taa za Tynell zilivuka bahari hadi New York, na Wamarekani wakazipenda. Umbo nalo lilizidi kuwa huru: kofia kama kombe la baharini, majani na maua ya shaba, mikono iliyosukiwa henzerani. Taa yake iliwekwa hata katika ofisi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1953 Taito ilichukuliwa na kampuni ya Idman. Tynell alifariki mwaka 1973.

Si kila taa ya Kifini ni ya Tynell, ingawa wauzaji wengine wangependa iwe hivyo. Lisa Johansson-Pape, aliyebuni taa kwa kampuni ya Orno, alikuwa na njia yake: maumbo matulivu na hesabu makini ya mwanga unavyoangukia meza au kitanda cha mgonjwa. Ili kujua umeshika ya nani, geuza taa utazame kitakoni au ndani ya kofia. Kazi nyingi za Taito zina muhuri wa jina uliogongwa kwenye metali, mara nyingine pamoja na namba ya modeli. Muhuri peke yake hautoshi, kwa kuwa nao unaigwa. Angalia pia kama uzito, lehemu na vitundu vinaonyesha mkono wa fundi mmoja mzoefu.

Ukibahatika kuipata, usikimbilie kuisugua. Weusi-weusi wa kahawia unaoikaa shaba kwa miaka ndio wanunuzi wanaoutaka, na ukiuondoa haurudi kesho. Waya ndio wa kubadilishwa. Maganda ya nyaya za miaka ya 1950 hukauka na kupasuka, na mwili wote wa taa ni metali inayopitisha umeme, kwa hiyo mwite fundi umeme aweke nyaya mpya pamoja na waya wa ardhi. Volti hazina shida: umeme wa Ufini ulikuwa 220, na wa majumbani kwetu ni 230 hadi 240. Weka balbu ya kisasa yenye mwanga wa manjano, isiyopata joto kali.