Kuhema haraka haraka kabla ya kuzamia hakujazi oksijeni

Juzi tena kaja kijana kliniki kupima presha, wikiendi yeye na wenzake wanashuka Matema, ziwani Nyasa, kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu, ananiambia wameambiwa waheme haraka haraka kwanza ili "wajaze oksijeni". Nimechoka kulisikia hili jamani.

Hapo ulipokaa damu yako imeshabeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, weka kile kipimo cha oksijeni cha kidole utaona, sasa hiyo nyingine unaijaza wapi? Unachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi, na hiyo ndo inayokupa ile hamu kali ya kuvuta hewa. Ni kama umechomoa waya wa taa ya mafuta kwenye pikipiki halafu unaanza kupanda Kitonga, taa haiwaki lakini mafuta yanaisha vilevile. Isitoshe kaboni dayoksaidi ikishuka mishipa ya ubongo inabana, ndo maana mnasikia kizunguzungu mnasema "nimejaa". Hujajaa. Na ubaya unakuja wakati wa kupanda: ukiwa mita 10 chini presha inayokubana (sio ya damu) ni mara mbili ya huku juu, kwa hiyo oksijeni kidogo iliyobaki bado inasukumwa kwenye damu, ukipanda presha hiyo inashuka ghafla na mtu anazimia karibu kabisa na uso wa maji, kimyaaa, wenzake wanadhani anatania.

Eti moyo unaenda mbio ukizamia? Ukibana pumzi na uso ukiwa kwenye maji baridi mapigo yanapungua, mishipa ya mikono na miguu inabana, damu inabaki kwa moyo na ubongo. Kama moyo wako hauna shida jaribu na beseni, maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa sita hayahitaji barafu, mwenzako akushike mshipa wa mkono ahesabu. Ila kujitupa mwili mzima kwenye maji ya baridi ni kitu kingine, hapo kweli moyo unashtuka.

Na wanaosema siri ni mapafu makubwa tu: Wabajau, wale wazamiaji wa Indonesia, walipimwa, utafiti ukatoka 2018, bandama lao ni kubwa kwa kama asilimia 50 kuliko la majirani zao. Bandama likijibana linamwaga kwenye damu chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Sio la kuvimba kwa malaria tu.

Pumua kawaida, zamieni kwa zamu, mmoja abaki juu anaangalia. Mwenye presha au anayemeza dawa za kupunguza mapigo aje tuongee kwanza, asinitumie meseji Jumapili keshafika ufukweni.