Pikipiki Kubwa ya Safari Iliyotembea Sana: Ukiinunua Tanga, Angalia Haya

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Fundi, inasoma kilomita 87,000, niiache?" Anayeuliza ameshaona picha, ameshaipenda, na bei imemvuta kwa sababu ya hiyo namba. Jibu langu ni kwamba kwa injini kubwa za Kijapani na za BMW, kilomita 87,000 za mtu aliyebadilisha oili kwa wakati hazipaswi kukukimbiza. Wasafiri wanaotoka Ulaya kwenda Cape Town wanaingia nchini na pikipiki zilizovuka 100,000 na injini haijafunguliwa. Mimi mtu wa pwani ninayoiogopa ni ile yenye kilomita 15,000 iliyosimama miaka kadhaa uani Raskazone, karibu na bahari, imefunikwa turubai. Turubai linazuia mvua, lakini unyevu wa chumvi linaufungia ndani.

Chumvi ya hewani haina kelele. Usiku inatua kwenye chuma pamoja na umande, mchana maji yanakauka na chumvi yenyewe inabaki, usiku unaofuata inavuta unyevu tena. Pikipiki inayotembea na kuoshwa kwa maji safi hupata nafuu. Iliyosimama haina wa kuisaidia. Ndiyo maana nikifika kwa muuzaji siendi kwenye spidomita. Nachuchumaa kwenye tairi la mbele.

Spoku nzima ukiigonga na spana ndogo inatoa mlio mkali, unaoisha polepole. Iliyolegea au iliyoliwa na kutu inatoa sauti butu. Gonga zote, mbele na nyuma, na tazama pale spoku inapoingia kwenye nati yake ndogo ya rimu. Kutu ikiwa imeshazishikanisha hizo mbili, huwezi tena kukaza wala kulegeza. Itabidi rimu ifumwe upya, na kazi hiyo si ya kila fundi. Africa Twin za 2016 na 2017 zinajulikana kwa spoku zinazoshika kutu mapema, na Honda waliziwekea spoku za chuma kisichoshika kutu kuanzia toleo la 2018. Kama unanunua ya mwanzo na imekaa pwani, tenga muda wa kutosha hapo.

Kutoka kwenye tairi panda kwenye shokapu za mbele. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye bomba linalong'aa, kuanzia juu kushuka chini, pande zote. Ukucha ukikwaruza mahali, hata kama jicho halioni kitu, kutu imeshatoboa kromi. Kila shokapu inapozama, hicho kidonda kinapita kwenye oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, na kuikata. Muuzaji atakwambia "ni sili tu, bei ndogo." Sili kweli ni bei ndogo, lakini bomba likiwa na vidonda utabadilisha sili leo na baada ya muda mfupi oili inatiririka tena kwenye breki. Mabomba ndiyo yenye gharama. Na kwa kuwa watu hufuta oili kabla mteja hajafika, shika breki ya mbele, izamishe pikipiki kwa uzito wako mara nyingi mfululizo, kisha angalia kama bomba limebaki na mzunguko wa oili.

Tairi la mbele likiwa hewani, geuza usukani polepole sana kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia mkononi kama unaingia kwenye kishimo pale katikati, koni, yaani beringi za shingo ya usukani, zimekufa. Halafu shika tairi la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, tatizo ni beringi za tairi au za swingamu, ule mkono unaoshika tairi la nyuma. Sehemu hizi hufa mapema kwa pikipiki zinazooshwa na pampu yenye nguvu, maana maji yanasukumwa hadi ndani na grisi inatoka. Viungo vya shokapu ya nyuma ni hivyohivyo. Kama haijawahi kufunguliwa na kupakwa grisi, bolti zake zinaweza kuwa zimeshikana kiasi cha kukatwa kwa msumeno.

Inua kiti. Fungua soketi moja ya nyaya, yoyote, halafu tazama ndani. Unga wa kijani maana yake chumvi imefika, na kama imefika kwenye moja imefika kwenye nyingine. Chukua mita ya umeme: betri nzima ikiwa imepumzika inasoma kama volti 12.6, na injini ikiunguruma kwenye mizunguko 4,000 hivi isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, au ikipita 15, ni rektifaya, kile kidhibiti cha chaji, au koili za chaji. Umeme ndio unaolaza watu njiani kuliko injini, na ukikulaza kati ya Saadani na Pangani hupati wa kukusaidia.

Sasa injini. Mpigie muuzaji simu siku moja kabla, umwombe kwa heshima asiiwashe. Ukifika gusa injini kwa kiganja kabla hata hamjasalimiana vizuri. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho. Injini ya moto huficha mengi: kuwaka kwa shida, mlio wa cheni ya taimingi, moshi wa kwanza. Ikiwashwa baridi, simama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka ukiachia mafuta baada ya kuvuta huashiria sili za valvu, au gaidi zake, yaani vibomba ambamo valvu hupanda na kushuka. Ukitoka wakati unavuta, fikiria ringi za pistoni. Mvuke mweupe unaopotea injini ikipata joto si kitu. Usiopotea, huku maji ya rejeta yanapungua, ni gasketi ya kichwa. Kwa zenye rejeta, iache iungurume palepale ilipo mpaka feni iwake yenyewe. Muuzaji akianza kukuharakisha, endelea kungoja. Kwa joto letu la Februari feni isiyowaka itaua injini kwenye foleni moja tu.

Hapa niseme jambo ambalo naona wanunuzi wengi hulipita. Omba ruhusa ufungue boksi la filta ya hewa. Filta yenyewe inaweza kuwa mpya, imenunuliwa kwa ajili yako. Itoe, ingiza kidole upande wa pili, ule wa kuelekea injini, ufute kuta za ndani. Kidole kikitoka safi au na oili kidogo, vizuri. Kikitoka na vumbi jekundu, injini imekula mchanga. Wanaotembea Handeni na Kilindi wakati wa kiangazi wanajua vumbi la kule linavyoganda kila mahali. Filta ikiwa haijakaa sawasawa, au mpira wake umepasuka, vumbi lile linapita moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi na kuta zake. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kuwaka vizuri leo, isitoe moshi wa kutisha, lakini inakula oili na nguvu yake inapungua mwezi hadi mwezi. Mimi nikikuta vumbi jekundu upande ule sijadili bei tena, naondoka.

Oili yenyewe ichunguze kwenye kidirisha au kijiti. Rangi nyeusi haina neno. Rangi ya maziwa ina maji. Muuzaji akikubali mfungue bolti ya kumwagia, kama ina sumaku itazame: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Halafu muulize mwenye chombo lini mwanya wa valvu ulipimwa mara ya mwisho, na nani aliupima. BMW R 1200 GS inataka kila kilomita 10,000. Africa Twin CRF1000L na Suzuki V-Strom 650 ni kila 24,000. Yamaha Ténéré 700 inakwenda hadi 40,000. Mtu aliyeitunza atakujibu bila kufikiri, na mara nyingi ana risiti au daftari. Asiyejua kabisa unaongelea nini, basi ujue kazi hiyo ni yako, na gharama yake iingie kwenye mazungumzo. Kwangu daftari lenye oili kwenye kurasa zake lina thamani kuliko spidomita, ambayo inaweza kubadilishwa nzima bila mtu kujua. Spidomita ikisema 20,000 na disiki ya breki imekaribia unene wa mwisho uliochapwa juu yake, mpira wa kukanyagia umelika mpaka chuma, namba hiyo si ya kweli.

Kila aina ina ugonjwa wake. R 1200 GS haina cheni, inazungusha tairi la nyuma kwa shafti. Nyuma kuna difu, na beringi yake kubwa inajulikana kufa kwenye pikipiki zilizotembea sana. Shika tairi la nyuma juu na chini ulitikise, na uangalie oili inayovuja pale difu linapokutana na tairi. Kawasaki KLR 650 za kabla ya 2008 zina kipande kidogo cha chuma kinachohusika na kukaza cheni ya uzani wa kusawazisha injini. Kinaweza kukatika na vipande vyake vikaanguka ndani. Uliza kama kilishabadilishwa. Suzuki DR650, ambayo naipenda kwa dhati, ina skrubu mbili zinazoshika swichi ya nyutro. Zikilegea zinadondokea ndani ya injini. Kuzikaza upya na gundi ya kuzuia skrubu kulegea ni kazi ndogo, lakini lazima ifanyike.

Nikiulizwa ipi inafaa mtu anayeishi Tanga, nasema DR650 au Ténéré ya silinda moja, ile XT660Z. DR650 inapozwa kwa hewa na oili, ina kabureta, na fundi yeyote makini wa Ngamiani anaweza kuifungua bila kompyuta. GS ni pikipiki nzuri mno kwa barabara ndefu, ila uwe na fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa yake, na uwe tayari kuagiza spea Dar, Nairobi au nje kabisa. Kabla hujalipa, tafuta bei ya vitu vitano: filta ya oili, pedi za breki, cheni na sproketi zake, oili sili za mbele, na rektifaya. Ukishindwa kupata hata mahali pa kuviagizia, fikiri upya.

Cheni ivute kwa nyuma pale katikati ya sproketi kubwa. Ikijiinua mpaka unaona nusu ya jino, seti nzima imekwisha. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini la zamani sana limekauka, usipandie mvua nalo.

Mikwaruzo kwenye gadi isikutishe, pikipiki hizi huanguka. Tafuta rangi iliyopasuka shingoni mwa fremu na kwenye vizuizi vya usukani, kisha angalia kile kifremu cha nyuma kinachobeba maboksi. Mizigo mizito kwenye barabara mbovu hupasua maungio yake, na wengine huchomelea na kupaka rangi juu.

Ukiridhika ndipo uiendeshe, na iwe safari ya maana. Lami ya Tanga hadi Muheza inatosha kuipima klachi: kwenye gia ya juu, mwendo wa wastani, vuta mafuta ghafla, mizunguko ikipanda bila mwendo kupanda, klachi inateleza. Achia usukani kidogo kwenye mnyoofu uone kama inavuta upande. Kisha mlima wa Amani. Ule mteremko na mawe yake vitakuonyesha kama gia ya pili inaruka, kama breki ya nyuma inapotea ikipata moto, kama shokapu ya nyuma inagonga chini. Mkirudi, iegesheni juu ya kadibodi kavu mnywe chai, halafu mtazame kilichodondoka.

Yamebaki makaratasi, na mpakani kama kwetu hayana mzaha. Pikipiki yenye namba za Kenya, au ya msafiri aliyeingia kwa hati ya Carnet de Passages, iko nchini kwa kibali cha muda. Haiwezi kuwa yako mpaka forodha walipwe ushuru na isajiliwe hapa. Muuzaji anayekwambia "utamalizana nao baadaye" anakuuzia deni. Hesabu ya ushuru ipate kwa mamlaka ya mapato, TRA, kwa kutaja aina na mwaka wa pikipiki, kabla ya kutaja bei yako. Yenye namba za MC, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa shingoni na namba ya injini dhidi ya kadi halisi, herufi kwa herufi, nakala haitoshi. Namba iliyopigwa msasa au iliyogongwa kwa mistari isiyonyooka, achana nayo. Angalia pia kama ina faini za barabarani zisizolipwa. Mkataba uandikwe kwa wakili, TIN zenu wote wawili ziwepo, na sehemu kubwa ya hela ibaki mkononi mwako mpaka umiliki uhamie kwenye jina lako.