Wilaya ya zimamoto: maana yake na kodi yake

Ukiishi nje ya mipaka ya mji nchini Marekani, usidhani moja kwa moja kwamba kuna gari la zimamoto linalokuhusu. Katika majimbo mengi kaunti hailazimiki kuwa na kikosi cha kuhudumia mashamba. Lazima wakazi waamue wenyewe nani atawazimia moto na kwa fedha za nani, na jibu lililozoeleka zaidi ni wilaya ya zimamoto.

Hiyo ni mamlaka ndogo ya umma yenye kazi moja: kuzima moto na kuokoa watu ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani, na mara nyingi kuendesha pia gari la wagonjwa. Neno "wilaya" lisikupoteze. Hapa hakuna mkuu wa wilaya, hakuna shule wala barabara za kusimamia, na mpaka wake unaweza kupita katikati ya kata au kugusa kaunti mbili. Kuna bodi, bajeti na haki ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, basi. Jimboni Washington, kwa mfano, kwa kawaida bodi huwa na makamishna watatu au watano, nao huchaguliwa kwa kura kwa vipindi vya miaka sita.

Pasipo wilaya, mji wa jirani unaweza kuuza huduma kwa mkataba, au kila kaya ikalipa ada kwa hiari. Njia ya ada ilijulikana vibaya mwaka 2010 huko South Fulton, Tennessee. Wakazi wa mashambani katika Kaunti ya Obion walitakiwa kuulipa mji dola 75 kwa mwaka. Nyumba ya familia ambayo haikuwa imelipa iliposhika moto, wazimamoto walifika kulinda shamba la jirani aliyelipa, na nyumba ile ikateketea mbele yao. Kikosi kililaumiwa nchi nzima, ila kosa lilikuwa kwenye mpango wenyewe. Mtu akiruhusiwa kulipa 75 siku anapoungua, nani atalipa Januari? Na gari, dizeli na mafunzo hununuliwa Januari.

Ndiyo maana wilaya hutumia kodi, na sehemu nyingi kodi hiyo huhesabiwa kwa mili. Mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani iliyotathminiwa. Tuseme bajeti ni dola 240,000, na ruzuku na mikataba inaleta 30,000. Zinabaki 210,000 za kutafutwa kwenye kodi. Mali zote za wilaya zikitathminiwa dola milioni 60, gawa: unapata 0.0035, yaani mili 3.5. Nyumba iliyotathminiwa dola 120,000 italipa 420 kwa mwaka.

Watu wengi hujikwaa kwenye neno "iliyotathminiwa". Si bei ya soko. Tennessee hutathmini nyumba ya kuishi kwa asilimia 25 ya thamani yake, Kansas kwa asilimia 11.5. Kwa hiyo kulinganisha mili za jimbo moja na za jingine bila kuangalia asilimia hiyo ni kujidanganya. Halafu kuna dari. Washington huruhusu hadi dola 1.50 kwa kila 1,000, na mapato ya kodi, ukiacha majengo mapya, hayawezi kupanda zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila kura ya wananchi. Mishahara na bei za magari hazisikilizi sheria hiyo, kwa hiyo bodi hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka michache. Wakikataa, kituo hakifungwi kesho yake. Gari bovu linaongezewa tu miaka.

Pigo jingine huja mji unapopanua mipaka na kumega sehemu yenye maduka. Kodi ya maduka huondoka, lakini kilomita za barabara za mashambani hubaki zote.

Sasa bima. Kampuni nyingi, si zote, hutazama daraja la ISO, shirika linalopima uwezo wa vikosi vya zimamoto kwa ajili ya bima, kuanzia 1 lililo bora hadi 10, yaani hakuna ulinzi unaotambuliwa. Kwa kawaida nyumba iliyo zaidi ya maili 5 (kama kilomita 8) kutoka kituoni huwekwa daraja la 10, hata kama inalipa kodi ileile na wenzake. Maili hizo hupimwa kwa barabara. Kituo kinaweza kuonekana ng'ambo ya mto na bado ukahesabiwa uko mbali, kama mto hauna daraja la aina ile nyingine.

Pasipo mabomba ya maji ya zimamoto kando ya barabara, maji hubebwa kwa malori. Lori la galoni 2,000 (lita 7,570 hivi) hupunguziwa asilimia 10 ya maji yanayomwagika au kubaki tangini. Likijaza, likaenda, likamwaga na kurudi kwa dakika 20, linatoa galoni 90 kwa dakika. Ili ISO iyahesabu maji hayo kwa alama nzuri, yanatakiwa angalau galoni 250 kwa dakika kwa saa mbili. Malori mawili hayatoshi. Matatu yanatoa 270. Wilaya yenye lori moja inahitaji basi makubaliano na majirani, na yawe ya kutoka pamoja tangu simu ya kwanza. Msaada unaosubiri kuombwa na kamanda hufika paa likiwa limeanguka.

Na lazima wawepo watu. Kwa vikosi vya kujitolea mashambani, kiwango cha NFPA 1720, cha chama cha Marekani kinachoweka viwango vya zimamoto, kimelenga watu 6 ndani ya dakika 14, mara 8 katika 10. Usiku hupatikana. Saa nane mchana wanaojitolea wako kazini, mjini.

Mwenye nyumba aanze na hati ya kodi: je, ina mstari wa wilaya ya zimamoto? Kisha apime barabara hadi kituoni kwa mita ya gari, na aulize kampuni ya bima imemwandikia daraja gani. Anwani ya posta ikisoma jina la mji mwingine, kampuni inaweza kumweka kwenye kikosi kisicho chake. Barua ya bodi inayotaja kituo na umbali ndiyo ya kupeleka.